Kikaratasi cha Baiti Nane

Mwaka 1955, mtu aliyetaka kuingiza kadi kwenye kompyuta ya IBM 704 alilazimika kupiga hesabu ya muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Kadi iliingia mashineni ukingo wa mstari wa 9 ukitangulia, brashi za kusomea zikagusa mstari mmoja baada ya mwingine mpaka mistari yote 12 ikaisha. Kila mstari ulitoa maneno mawili ya biti 36: kwanza safu ya 1 hadi 36, kisha ya 37 hadi 72. Programu ilipaswa kutoa amri ya kunakili, iliyoandikwa CPY, neno linapokuwa tayari. Ikiwahi, mashine inaisubiri. Ikichelewa, mstari umeshapita, taa ya hitilafu inawaka na kompyuta nzima inasimama.

Kadi yenyewe ilikuwa na safu 80, lakini mashine ilisoma 72 tu kwa sababu 36 mara mbili ni 72. Waliojifunza Fortran ya zamani wanakumbuka kanuni kwamba sentensi ya programu isivuke safu ya 72. Wengi waliambiwa ni kanuni ya lugha. Ilikuwa kanuni ya kisoma kadi.

Basi fikiria hasara yake. Kisomaji kilimeza kadi 250 kwa dakika, yaani karibu robo ya sekunde kwa kila kadi. Ndani ya robo hiyo 704 ingeweza kufanya majumlisho karibu 10,000. Badala yake sehemu kubwa ya muda iliishia kungojea kipande cha karatasi ngumu kitambae. Kompyuta ya bei ya jengo zima ilikuwa imegeuzwa karani wa mlangoni, na mwandishi wa programu ndiye aliyemwambia karani huyo lini anyooshe mkono.

Kazi hiyo kila ofisi iliifanya upya. Waliokuwa na 704 waliandika kila mmoja kipande chake cha kusoma kadi, chake cha kanda za sumaku, chake cha printa, vikafanana kama mapacha na vikakosewa kila kimoja kwa namna yake. Mwaka huohuo wa 1955 watumiaji wa mashine hizo walianzisha chama huko Los Angeles wakakiita SHARE, na jina lilisema kila kitu: gawaneni. Mwaka uliofuata Robert L. Patrick wa maabara ya General Motors na Owen Mock wa North American Aviation walitoa programu ya kuendesha kazi kwa zamu kwenye 704. Leo vitabu vinaitaja kuwa miongoni mwa mifumo endeshi ya kwanza kabisa. Wao waliiita GM-NAA I/O, jina la kuingiza na kutoa, kwa kuwa kiini chake kilikuwa taratibu za pamoja za kuzungumza na kadi, kanda na printa. Mfumo endeshi ulianza kama bunda la draiva, yaani programu za kuzungumza na vifaa.

Neno lenyewe linachekesha kidogo kwetu. Fundi wa mtaani akikuambia printa yako haina draiva, anatumia neno lilelile la mwenye usukani wa lori la Kariakoo. Lakini kwenye kompyuta kubwa za ofisi, zile wanazoziita meinfremu, mara baada ya 704 mwandishi wa draiva hakushika tena usukani. Kazi yake ilifanana zaidi na ya tajiri anayemtuma utingo sokoni: unaandika kikaratasi, unakikabidhi, unaendelea na shughuli zako, halafu unasubiri jibu. Ustadi wote ulikuwa kwenye kuandika kikaratasi kisichoacha swali, na zaidi ya hapo, kwenye kujua la kufanya utingo akirudi mikono mitupu.

Utingo huyo aliajiriwa kwa mara ya kwanza kwenye IBM 709, iliyotangazwa Januari 1957 na kuanza kufikia wateja mwaka 1958. Mashine hiyo ilikuja na kifaa kipya, chaneli: kompyuta ndogo isiyojua lolote ila kuhamisha data kati ya kumbukumbu na vifaa vya nje. Kichakato kikuu kiliipa orodha ya amri, kikarudi kwenye hesabu zake. CPY na stopwachi yake vikawekwa kando. Ila kila familia ya kompyuta ya IBM bado ilikuwa na namna yake ya kuunganisha vifaa.

Kamati ya ndani ya IBM iliyoitwa SPREAD ilitoa ripoti Desemba 1961 ikashauri familia zote hizo zizikwe na badala yake ije moja. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ikatangaza System/360. Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks ndio waliotia saini makala ya mwaka huo iliyoeleza usanifu wake, na watu hupenda kuwasifu kwa baiti ya biti nane. Mimi ningewasifu kwanza kwa waya. Kila kifaa, kiwe diski, kanda, printa au kisoma kadi, kiliunganishwa kwa jozi ileile ya nyaya nene kama mkono wa mtoto, kikasikiliza ishara zilezile. Nyuma ya nyaya hizo kila aina ya kifaa ilikuwa na kidhibiti chake, na mbele yake chaneli. Kifaa kilitambulika kwa namba tu. Kwa desturi iliyoenea, kisoma kadi kilikaa kwenye 00C, kitoboa kadi 00D na printa 00E, kwa hesabu ya msingi wa 16.

Na kikaratasi kikapata umbo lake: baiti nane, hazipungui wala hazizidi. Baiti ya kwanza ni amri. Tatu zinazofuata ni anwani ya kumbukumbu ambako data itawekwa au itachukuliwa. Kisha alama chache za biti mojamoja: moja inasema kuna kikaratasi kingine baada ya hiki, nyingine inasema usilalamike urefu ukitofautiana. Mwishoni, baiti mbili za kueleza ni baiti ngapi zihamishwe. Jina lake rasmi ni neno la amri ya chaneli, kwa kifupi CCW.

Draiva iliandika vikaratasi hivyo vikafuatana, ikaweka anwani ya cha kwanza mahali palipotengwa, anwani ya 72 ya kumbukumbu, kisha ikatoa amri moja, SIO, yaani anza. Majibu ya papo hapo yalikuwa manne: nimekubali; nina neno la kukuambia kwanza, soma hali yangu; nina kazi nyingine; huyo unayemtafuta hayupo. Yakiwa ya kwanza, kichakato kiliondoka. Shughuli ikiisha, chaneli ilikikatiza, ikaacha taarifa yake kwenye anwani ya 64, na draiva ikaamka kusoma.

Hebu tuutazame mlolongo mmoja wa vikaratasi kwa karibu, wa kusoma diski. Diski za 360 hazikuwa na visanduku sawasawa kama za leo. Mwenye programu aliamua rekodi zake ziwe na urefu gani, na kila rekodi ilitanguliwa na kitambulisho chake kwenye sahani. Kwa hiyo hukuweza kusema nipe sanduku la 17. Ulisema: peleka mkono wa diski kwenye mduara huu (amri 07). Linganisha kitambulisho kinachopita sasa na hiki nilicho nacho (amri 31). Rudi kikaratasi kimoja nyuma (amri 08). Soma data (amri 06).

Ukisoma haraka utasema kuna kosa: amri ya 08 inarudisha nyuma milele, hakuna njia ya kufika kwenye 06. Hapo ndipo werevu ulipo. Kitambulisho kikifanana, kidhibiti cha diski kinaleta ishara inayoifanya chaneli iruke kikaratasi kimoja. Isipofanana, hairuki, inarudi kulinganisha kinachofuata. Chaneli inazunguka mle ndani, sahani nayo inazunguka, mpaka rekodi itokee chini ya kichwa cha kusomea. Hapo inaruka ile 08 na kuangukia 06. Kitanzi kizima cha kutafuta kilifanyika bila kichakato kikuu kusumbuliwa hata mara moja. Kwenye diski ya 2314 mzunguko mmoja ulichukua milisekunde 25, na kwa vipimo vya wakati ule hizo zilikuwa nyingi mno.

Bei yake ilijulikana baadaye. Muda wote wa kutafuta, chaneli ilikuwa imefungwa kwenye diski moja, na diski nyingine za chaneli hiyo zilikaa foleni. Dawa ilikuja na diski ya 3330 na System/370 mwaka 1970: diski ikapewa uwezo wa kujua sahani imefika pembe gani, chaneli ikaachiwa ihudumie wengine, ikaitwa tena rekodi ilipokaribia. Draiva ikaongezewa kikaratasi kimoja cha kutaja pembe.

Hayo ndiyo mambo yakienda sawa, na mwanafunzi mwerevu angeyaandika kwa wiki. Miezi iliyobaki ilikwenda kwenye habari mbaya.

Taarifa ya anwani ya 64 ilikuwa na biti mojamoja za hali. Moja ilisema chaneli imemaliza, nyingine ilisema kifaa kimemaliza, na hizo mbili hazikuwa kitu kimoja: printa ya 1403 ilipokea mstari wake ikaiachia chaneli, halafu ikaendelea kugonga herufi kwenye karatasi, na taarifa ya pili ikaja peke yake baadaye. Draiva iliyofurahia ya kwanza ikadhani kazi imekwisha ilijikuta inatuma mstari mwingine kwa kifaa kinachojibu kuwa kina kazi. Biti nyingine ilisema kuna tatizo, bila kusema tatizo gani. Hapo draiva ilibidi iandike kikaratasi kipya, amri 04, cha kuuliza: una nini? Kifaa kikajibu kwa baiti moja au zaidi. Amri siijui. Nahitaji mtu. Data imeharibika. Mashine yenyewe imeharibika. Umechelewa, data imenipita.

Kwa kila jibu, kila aina ya kifaa ilikuwa na utaratibu wake wa kujaribu tena. "Nahitaji mtu" kwa printa mara nyingi ilikuwa karatasi imekwisha, na mfumo ulimwandikia mwendeshaji kwenye mashine yake ya chapa kwamba 00E inataka msaada, kisha ukasubiri bila kuua kazi ya mtu. Data iliyoharibika kwenye kanda ilikuwa na ibada ndefu zaidi: rudisha nyuma, soma tena, ikikataa, rudisha tena. Ikiendelea kukataa, rudisha kanda rekodi kadhaa ili mahali penye doa papite kwenye wembe wa kusafishia uliokaa karibu na kichwa cha kusomea, kisha jaribu upya. Nani anafikiria, anapotazama programu, kwamba ndani yake kuna mistari ya kufuta vumbi? Lakini ndivyo ilivyoandikwa, na kanda nyingi za mishahara ziliokolewa na mistari hiyo.

Ukichunguza mifumo ya wakati ule utakuta jambo lilelile: sehemu ya kusoma na kuandika ni fupi, sehemu ya kukabili makosa ni ndefu. Huo ndio uliokuwa ufundi wenyewe, na naona vitabu vya historia ya kompyuta vimeupa nafasi ndogo kuliko ulivyostahili. Wanahistoria hupenda mashine inapowaka mara ya kwanza. Wateja walilipia mashine ambayo haikuzimika karatasi ilipokwama.

OS/360, mfumo ambao Brooks aliusimamia na uchelewaji wake ukamfanya aandike kitabu maarufu mwaka 1975, ulikuwa na mlango mmoja wa hatari. Mtu wa kawaida alisoma faili kwa taratibu zilizotayarishwa, asijue chaneli ni nini. Lakini aliyetaka kasi zaidi aliruhusiwa kuandika vikaratasi vyake mwenyewe na kuvikabidhi kwa mfumo kupitia huduma iliyoitwa EXCP. Ni kama kumruhusu mteja aingie jikoni. Ulinzi wake ulikuwa mwepesi na wa busara: kabla ya vikaratasi vya mteja, mfumo ulitanguliza vyake viwili. Cha kwanza kilipeleka mkono wa diski mahali halali, cha pili kilikifungia kidhibiti ruhusa ya kuusogeza nje ya hapo. Mteja angeandika atakavyo baada ya hapo. Kufuli lilikuwa limeshafungwa na kifaa chenyewe.

Mlango huo ulileta kizaazaa mahali pengine. Katika kituo cha IBM cha Cambridge, Massachusetts, kundi dogo lilikuwa linajenga CP-67, programu iliyoifanya System/360 Model 67 moja ijigawe kuwa mashine nyingi za kufikirika, kila mtumiaji akidhani ana yake. Kila mashine ya kufikirika ilikuwa na anwani zake za kumbukumbu, ambazo hazikulingana na anwani halisi. Kichakato kilijua kuzitafsiri. Chaneli haikujua, yenyewe ilikuwa mtu wa kuambiwa anwani ya kweli ya nyumba, nambari na mtaa. Kwa hiyo kila mtumiaji alipokabidhi vikaratasi, CP-67 ilivinakili, ikabadilisha kila anwani, ikavikata vilivyovuka mpaka wa ukurasa, ikazuia kurasa husika zisihamishwe, ndipo ikatuma nakala. Kazi ikiisha, taarifa ya chaneli nayo ikatafsiriwa kinyumenyume ili mtumiaji aone anwani anazozijua.

Ilifanya kazi vizuri mpaka ilipokutana na ISAM, utaratibu wa OS/360 wa kutafuta rekodi kwa faharasa. Waandishi wa ISAM walikuwa wameona njia ya mkato: kikaratasi kimoja kisome kutoka diski, na kile kilichosomwa kiangukie juu ya kikaratasi kinachofuata, ili amri ijayo iwe imeandikwa na diski yenyewe. Utingo anafika sokoni, anakuta huko orodha mpya, anaendelea nayo bila kurudi nyumbani. Kwenye mashine halisi ilikuwa raha. Kwenye mashine ya kufikirika ilikuwa balaa, kwa sababu orodha iliyobadilika ilikuwa ya asili, na chaneli ilikuwa inasoma nakala. Hata kwenye VM/370, mrithi wa CP-67, ilibidi uweke alama maalumu kwa kila mtumiaji anayetaka kuendesha ISAM, mfumo ujue kwamba huyu vikaratasi vyake hujiandika vyenyewe njiani. Sijui kama ni ujanja au uhuni. Pengine ni vyote viwili.

Mwaka 1981 IBM ilitangaza usanifu wa 370-XA, na amri ya SIO ikastaafishwa. Badala ya draiva kuchagua chaneli gani ipite, ilitaja kifaa tu, na mashine ikajitafutia njia iliyo wazi. Nyaya nene zilianza kupisha nyuzi za kioo mwaka 1990. Kikaratasi hakikuguswa, isipokuwa kupewa umbo la pili lenye anwani ndefu.

Desemba 1999 wahandisi wa maabara ya IBM ya Böblingen, Ujerumani, walitoa hadharani Linux ya System/390, uzao wa System/360. Watu wa nje, wakiongozwa na Linas Vepstas, walikuwa wameshaanza jaribio lao wenyewe. Linux ilikulia kwenye kompyuta za mezani, ambako draiva hugusa rejista za kifaa mojamoja na kuchungulia kilichotokea. Kwenye meinfremu haikukuta rejista ya kugusa. Ilibidi chini ya draiva zote liwekwe tabaka jipya la kuandika vikaratasi, kuvituma na kupokea majibu, na juu yake ndipo zikaja draiva za diski, za skrini ya mwendeshaji na za kuunganisha mashine kwa mashine. Baadhi ya draiva za mtandao IBM ilizitoa zikiwa zimefungwa, bila msimbo wake kuonekana, na jumuiya ya Linux ikanung'unika. Walikuwa na haki. Draiva usiyoweza kuisoma ni ahadi ya mtu mwingine.

Diski nazo zilikuwa zimeshakuwa kiini macho. Draiva ya Linux iliandaa diski ya 3390 kwa kupanga vipande 12 vya baiti 4,096 kwenye kila mduara, miduara 15 kwa kila silinda, kama mwaka 1989 diski hiyo ilipotoka. Lakini ndani ya kabati za leo hakuna sahani yenye umbo hilo. Kuna diski za kawaida, na siku hizi chipu, zinazojifanya 3390 ili vikaratasi vya zamani visikose pa kwenda.

Mtu anayeweka Linux kwenye mashine ya kufikirika ya z/VM, kizazi cha leo cha VM/370, anaweza kuiwasha kwa kuandika IPL 00C. 00C ni kisoma kadi. Hakuna kadi, hakuna brashi, lakini kiini cha Linux kimekatwakatwa vipande vya baiti 80, kila kipande kadi moja, na kinasomwa kimoja baada ya kingine. Mwanzoni kabisa mwa kiini hicho, msimbo wa Linux ya S/390 ulibeba kikaratasi hiki: 02000018 60000050. Kisome kutoka kushoto. 02: soma. 000018: weka kuanzia anwani ya 24. 60: kuna kikaratasi kingine baada ya hiki, na usilalamike urefu ukitofautiana. 0050, kwa hesabu ya msingi wa 16, ni 80.